Bibi Mwewe na Antena Yake

Katika nyumba ile, aliyesifiwa kwa macho makali kuliko wote ndiye aliyekuwa haoni. Jambo hili alilijua peke yake, naye alikuwa amelificha kwa ustadi ambao, kama angeutumia kwenye siasa, leo tungekuwa tunamwita mheshimiwa.

Alikuwa mshonaji. Cherehani yake ya kukanyaga ilikaa sebuleni, chini ya dirisha la barabarani, na tangu ujanani mtu yeyote aliyepita njia ile alimwona pale ameinama, futi shingoni, pini mdomoni. Alishona sare za shule. Nusu ya watoto wa mtaa walikuwa wameingia darasani wakiwa wamevaa kazi ya mikono yake, na baadhi ya wazazi wao pia, enzi zao. Mumewe alipofariki, cherehani ile ndiyo iliyomwinua kitandani kila asubuhi. Kuna watu wana sala, kuna watu wana chai. Yeye alikuwa na mlio wa sindano.

Jina la Mwewe alipewa na mjukuu wake, binti wa sekondari mwenye mdomo usiojua likizo, ambaye kwa haki kabisa naye aliitwa Kasuku. Na sababu ya jina la Mwewe ilikuwa antena.

Antena yenyewe ilikuwa juu ya bati, imefungwa kwa waya wa kuanikia nguo, imeinamia upande mmoja kama mlevi anayesikiliza siri. Sauti ilileta safi. Picha ilileta chenga. Watu kwenye televisheni ile walionekana kama wanatembea ndani ya mvua ya mchele, na hujui nani mume, nani mke, nani kabati. Basi familia, badala ya kulalamika, ikageuza shida kuwa mchezo. Kila jioni baada ya kula, tamthilia ilipoanza, mmoja aliuliza, "Nani huyo?" na wote wakabashiri. Aliyekosea zaidi aliosha vyombo.

Bibi hakuwa ameosha vyombo kwa muda ambao hata sufuria zilikuwa zimemsahau.

"Huyo ni yule tajiri wa kiwanda cha sabuni," alikuwa akisema, wengine bado wanakodoa macho. "Anaingia kwa mlango wa nyuma. Ana nia mbaya."

Na kweli, sekunde chache baadaye, tajiri alikuwa akimtishia mtu jikoni.

"Mama, umemwonaje?" mwanawe alishangaa kila mara. Mwanawe alikuwa mwokaji mikate, jitu kubwa lenye mikono ya unga na roho laini kama kazi yake.

"Kwa macho, mwanangu. Wewe unaangalia kwa nini, kwa tumbo?"

Wote walicheka. Ukweli ni kwamba tajiri alikuwa na kiatu kinachokwaruza sakafu. Yule mama mwongo alikohoa kidogo kabla ya kila uongo. Kijana shujaa wa tamthilia alivuta pumzi puani kabla ya kumtamkia mpenzi wake neno zuri, na Bibi alikuwa amempenda kwa pumzi hiyo tu, hajawahi kumwona sura. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu taratibu, kama kioo cha dirisha la jikoni maharage yakichemka, na kufikia wakati huu alichokiona kilikuwa mwanga, kiza na rangi zilizochoka. Lakini mbele ya picha ya chenga, nani alikuwa anaona? Wote walikuwa vipofu pamoja, na katika mji wa vipofu yeye alikuwa na masikio.

Sasa utauliza, kwa nini afiche? Mtu akiumwa si aseme? Ngoja nikuambie. Mtaa wa pili alikuwapo rafiki yake, mshonaji kama yeye. Siku moja rafiki huyo alishona shati lenye mikono miwili ya kushoto. Watoto wake walicheka, kisha hawakucheka, kisha wakakaa kikao, wakamwambia, "Mama, umefanya kazi vya kutosha, sasa pumzika." Wakaondoa cherehani, wakaweka mahali pake kiti chenye mto. Walifanya yote kwa upendo, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa, kwa sababu upendo huwezi kuugombeza. Rafiki yake alikuwa bado amekaa kwenye kiti kile. Bibi alipokwenda kumsalimu, alimkuta vidole vyake vinakunja na kukunjua pindo la gauni lake mwenyewe, vikitafuta kazi. Bibi alirudi nyumbani akaapa kwamba yeye hawatamkalisha kwenye mto. Afadhali aanguke na pini mdomoni.

Kwa hiyo alijifunza kushona kwa vidole. Kola aliipima kwa kidole gumba, pindo kwa kucha. Uzi aliutunga sindanoni kwa ulimi na subira. Mikebe ya nyuzi aliipanga mstari, nyeusi mwanzo, nyeupe mwisho, na ole wake aliyeigusa. Kosa lilikuwa limetokea mara moja tu, aliposhona sketi za bluu kwa uzi wa kijani, na mwalimu mkuu akadhani ni mtindo mpya, akaagiza nyingine.

Kitu kimoja tu kilimuuma, na hakikuwa macho. Mkwewe, mke wa mwokaji, alikuwa amepoa. Mwanamke huyu alikuwa keshia katika duka la vifaa vya ujenzi lililokuwa ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na dirisha la cherehani. Alipoolewa alikuja na kicheko cha kujaza nyumba. Alimwita Bibi "mama" kama mtu anayeokota kitu alichokipoteza. Lakini tangu mwaka uliopita salamu zake zilikuwa fupi, safi, zimepigwa pasi. Bibi alijiuliza kamkosea nini. Labda ni vyombo, maana mara nyingi ni mkwe aliyeviosha. Hakuthubutu kuuliza. Mtu mwenye siri moja huogopa maswali yote.

Basi ukaja upepo, ukaing'oa antena, ukaitupa kwenye uwanja wa jirani, juu ya chupi zilizoanikwa. Na hapo ndipo vita ilipoanza.

Kikao kilifanyika mezani. Mwokaji alisimama kama mgombea.

"Dishi," alisema. "Tuweke dishi tumalize. Picha safi, mpira wa dunia nzima, unaona mpaka jasho la kipa."

"Jasho la kipa litakusaidia nini?" Bibi aliuliza. "Halafu dishi likiona wingu dogo tu linakimbia. Mvua ikinyesha, ndiyo wakati mtu yuko ndani anataka kutazama, nalo ndipo linapolala."

"Mimi nasema mtandao," Kasuku alidakia. "Dishi limepitwa. Mtandaoni unatazama unachotaka, saa unayotaka. Ukitaka kwenda msalani unasimamisha picha, inakungoja."

"Na kama kila mtu ana saa yake," Bibi alisema, "mimi nitamuuliza nani 'nani huyo'?"

Wakamgeukia mkwe, ambaye alikuwa akikunja vitambaa vya meza bila kuinua uso.

"Mimi sitaki makubwa," mkwe alisema. "Nataka kuona sura za watu. Mtu akiniangalia, nijue ananiangalia vipi. Basi."

Maneno haya yalikuwa na ncha, na Bibi aliisikia ncha hiyo, lakini hakujua imeelekezwa wapi.

"Antena irudishwe," alisema. "Ilikuwa na kosa gani? Bure kabisa, haidai kifurushi, haidai bando. Tena mmezoea vya bure, ndiyo maana mko wanene."

"Mama, watatu kwa mmoja," mwokaji alisema kwa upole. "Wengi wape."

"Wengi wape, usipowapa watachukua kwa mikono yao," Bibi alimalizia. "Lakini nyumba ni ya nani?"

Nyumba ilikuwa yake. Wakatazamana. Ikaamuliwa, kwa heshima na kwa hila, kwamba kila kitu kijaribiwe: kwanza dishi, ambalo rafiki wa mwokaji angewaazima, kisha mtandao, kisha, kama bado itahitajika, antena. Neno la mwisho litakuwa la Bibi. Naye alikubali haraka, maana neno lake la mwisho alikuwa nalo tayari.

Fundi wa dishi alikuja asubuhi ya siku ya kazi, wote wametoka isipokuwa Bibi. Alikuwa kijana mchangamfu, anaimba hata akiwa na misumari mdomoni. Alipanda juu ya bati, akafunga chuma chake, kisha akapiga kelele:

"Bibi! Mimi nageuza, wewe angalia TV! Picha ikitokea, niambie!"

Moyo wa Bibi ulishuka mpaka kwenye kandambili. Alisimama mbele ya televisheni. Aliona mwanga wa bluu. Au kijivu. Ulikuwa mwanga, kwa vyovyote.

"Inaonekana?" sauti ilitoka juu.

"Bado!" Bibi alijibu, kwa kubahatisha tu.

"Na sasa?"

"Bado kidogo!"

"Na hapa?"

Wakati huo king'amuzi kikaanza kupiga muziki laini, ule muziki wake wa kujisifu kabla hakijafanya kazi yoyote. Bibi akasikia muziki, akashukuru Mungu.

"Hapo hapo! Usiguse! Inang'aa kama kioo!"

"Mpaka rangi?"

"Rangi zote!"

Fundi akakaza nati kwa nguvu zake zote, akashuka, akanywa maji, akaaga. Jioni familia ilirudi ikakuta skrini tupu ya bluu yenye maandishi ya kusema hakuna mawimbi, na muziki ule ule ukiendelea kucheza. Walipotoka nje kuangalia, dishi lilikuwa limeelekezwa kwenye tangi la maji la jirani.

Fundi alipigiwa simu, akaja mbio. "Jamani, Bibi Mwewe mwenyewe aliniambia inaonekana! Mpaka rangi zote!"

Wakamgeukia Bibi. 

"Ilionekana," alisema, kidevu juu.

Na unajua walisema nini? Hakuna hata mmoja aliyemtilia shaka. "Kama Mama ameiona, basi ilikuwepo," alisema mwokaji. "Hapa dishi limesukumwa." Wakaulaumu upepo, wakamlaumu ndege mkubwa, wakamlaumu fundi kwa kutokaza nati, na maskini fundi akapanda tena juu ya bati akiinamisha kichwa. Safari hii Kasuku ndiye aliyesimama mbele ya TV. Bibi alirudi kwenye cherehani yake akijiona kama mwizi aliyekabidhiwa ufunguo wa ghala. Mpaka leo fundi yule anadai kwamba nati zake hazijawahi kulegea, na ana haki.

Picha ikaja. Na kwa kelele walizopiga, Bibi alielewa kuwa ilikuwa nzuri mno.

"Tazama kope zake!"

"Kumbe nyumba yao ina ghorofa!"

Kisha wakanyamaza, na kunyamaza huko hakukwisha. Jioni ya kwanza Bibi aliuliza, "Nani huyo?" akingoja kelele za kubashiri. Mwokaji akajibu tu, bila kugeuka, "Tajiri, Mama." Jioni ya pili akauliza tena, na Kasuku akasema, "Bibi, si unaona?" Hakuuliza tena. Kulikuwa na chaneli za nchi za mbali, watu wanaongea kama wanaotafuna kokoto, na maandishi yanapita chini, nayo familia ikisoma kimya kimya, ikacheka pamoja. Bibi alicheka nao, nusu pumzi nyuma. Vyombo sasa vilioshwa kwa zamu, kwa haki, bila furaha yoyote. Mvua iliponyesha na dishi likalala, alifurahi waziwazi, akaimba, mpaka mkwe akamtupia jicho. Ingawa, bila shaka, jicho hilo hakuliona.

Kisha ikaja zamu ya mtandao. Kasuku aliunganisha nyumba na ulimwengu kwa kijisanduku kidogo chenye taa. Wakati mwingine picha ilisita, kaduara kakazunguka katikati ya skrini, nao wakakaa wanakatazama kaduara kana kwamba ndiyo tamthilia. Lakini mtandao ulipokwenda, ulikwenda. Mwokaji alitazama mpira akirudi kazini, mkwe alitazama sura zake za watu jioni, na Kasuku alitazama kila kitu, saa zote, kwa simu, hata akipiga mswaki. Bibi aliwasikia kila mmoja akicheka chumba chake. Akajisemea kwamba kesho kutwa, siku ya neno la mwisho, atasema antena, na wamlaumu wapendavyo.

Jumapili mchana, baada ya kula, Kasuku aliwakusanya wote sebuleni. Sauti yake ilikuwa imebeba jambo.

"Kabla Bibi hajatoa hukumu, nataka aone kitu ambacho antena haiwezi. Wala dishi. Kaeni. Bibi, kaa mbele, hapa. Tunarudisha mchezo wetu!"

Moyo wa Bibi ulifurahi na kuogopa kwa pamoja. "Vyombo vipo?"

"Vipo. Vingi. Vya mapishi yote ya leo." Kasuku akabonyeza simu, akarusha picha kwenye televisheni. "Haya. Bibi Mwewe. Nani huyo?"

Bibi aliinama mbele. Akaona doa la bluu, limejikunja juu ya kitu cheusi. Akategea masikio. Hakuna kiatu, hakuna kikohozi, hakuna pumzi. Picha ile haikuwa na sauti hata chembe. Friji tu lilikuwa likinguruma jikoni.

"Weka sauti," alisema.

"Haina sauti, Bibi. Haihitaji! Mtu yeyote atamjua."

Wote walikuwa wakimngoja, na alisikia wanavyotabasamu, maana kutabasamu nako kuna mlio ukikaa na watu miaka mingi. Lililobaki ni kubahatisha, na yeye alikuwa amebahatisha mengi maishani akafanikiwa.

"Ni yule mama mwongo," alisema kwa sauti ya ushindi. "Ameinama, anachimba alipofukia dhahabu. Angalia alivyojikunja, mchawi mkubwa! Hata mgongo wake una nia mbaya."

Mwokaji aliangua kicheko. Kasuku naye akaanza kucheka, kisha kicheko chake kikakatika katikati, kama uzi. 

"Bibi," Kasuku alisema polepole. "Huyo ni wewe. Nilikupiga picha juzi ukiwa kwenye cherehani. Nilitaka kukufurahisha."

Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua. Bibi aliumbuliwa na mjukuu, tena kwa zawadi. Alikaa wima kabisa, mikono magotini. Alilisikia kwanza lile alilokuwa akiliogopa: kiti cha mwokaji kikisogea.

"Mama," mwokaji alisema. "Hunioni?"

"Nakuona. Uko mkubwa, nitakukosaje?" Kisha sauti ikamponyoka. "Nawaona kama chenga, mwanangu. Wote. Hata bila antena. Nimekuwa nikisikia viatu vyao. Sasa fanyeni mnavyotaka, ila cherehani yangu msiiguse. Nawaomba. Msinikalishe kwenye mto."

"Nani amezungumzia mto?" mwokaji alisema, naye jitu zima analia, machozi yanaingia kwenye unga wa ndevu.

Lakini sauti iliyofuata ndiyo iliyomshangaza Bibi. Ilikuwa ya mkwe, na ilikuwa imepanda juu kama ya msichana.

"Tangu lini? Mama, tangu lini huoni?"

"Tangu mwaka jana. Kabla kidogo."

"Kwa hiyo ng'ambo ya barabara huoni?"

"Ng'ambo ya barabara! Mwanangu, mimi ng'ambo ya meza sioni."

Mkwe alitoa mlio ambao Bibi hakuujua kama ni kilio au kicheko, akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili.

"Kila siku saa ya chakula natoka mlangoni pa duka nakupungia mkono! Kila siku! Ulikuwa ukinijibu, tangu nilipoolewa. Mwaka jana ukaacha. Unainua uso, unaniangalia moja kwa moja kama ukuta, unainama. Wenzangu dukani wakaniuliza, mama mkwe wako amekununia? Nikajua umenichoka. Nimejiuliza nimefanya nini mpaka nimekonda!"

"Umekonda?" Bibi aliuliza. "Mbona sijaona?"

Hapo mkwe akaangua kicheko, kile kile cha kujaza nyumba, alichokuja nacho siku ya kwanza, na Bibi akakipokea kama mvua. Wakacheka wameshikana mpaka Kasuku, aliyekuwa akilia kwa majuto, naye akashindwa kujizuia.

"Na mimi nikadhani ni vyombo," Bibi alisema akifuta macho yake yasiyofaa.

"Vyombo navyo," mkwe alisema. "Tutavizungumza."

Daktari wa macho alikuwa mtu wa maneno machache. Alimulika jicho moja, akamulika la pili, akasema ni mtoto wa jicho, kwamba anamtoa kila siku ya kazi kwa watu wengi, na kwamba angekuja mapema asingepata taabu hii yote. Bibi alitaka kumweleza juu ya rafiki yake na kiti chenye mto, lakini alikuwa keshaitwa anayefuata. Mwaka mzima wa ujanja, na dawa yake ilikuwa kazi ya asubuhi moja kwa kila jicho!

Walipomfungua bandeji ya mwisho, alirudi nyumbani akiangalia kila kitu kama mtu aliyehamia. Alikuta utando wa buibui pembeni mwa dari, akauliza ulianza kulipa kodi lini. Alimwona Kasuku amekuwa mrefu na ana chunusi moja, akaibusu. Alijitazama kwenye kioo cha ukumbini, akarudi nyuma hatua moja.

"Huyu ni nani? Mama yangu amefufuka lini?"

Kisha akakaa mbele ya televisheni, atazame tamthilia yake kwa macho yake. Alipoonyeshwa yule kijana shujaa, mwenye pumzi tamu, alisogeza kiti karibu na skrini.

"Mwenye kipara huyu?"

"Ndiye huyo, Bibi."

"Mwenye masikio haya?"

"Ndiye."

"Mungu wangu. Na tajiri mwenye kiatu kibaya ndiye yule mzuri? Jamani, mngeniacha na ukungu wangu."

Neno la mwisho lilikuwa bado lake, nao wakamkumbusha. Alilitoa akiwa amesimama, futi shingoni. Dishi lirudi kwa mwenyewe, na fundi aombwe radhi kuhusu zile nati. Mtandao ubaki, kwa sababu ndio uliomuumbua, na kitu kilichokuumbua kikakuponya ni cha kukaa nacho. Lakini siku moja kila wiki simu zikae ndani ya mkebe wa nyuzi, kila mtu aje sebuleni. Na antena irudi juu ya bati.

"Antena, Mama?" mwokaji alishangaa. "Sasa ya nini, na macho unayo?"

"Ndiyo," mkwe alidakia kabla Bibi hajajibu. "Irudi. Nina deni la vyombo nalidai."

Ikarudi, na waya wake wa nguo, imeinamia upande ule ule. Usiku wa kwanza wa chenga, Bibi alikosea kila mara. Alikuwa ameanza kuamini macho, akawa anakodoa kama wengine badala ya kusikiliza. Alimwita tajiri mlinzi, akamwita mlinzi kabati. Aliosha vyombo vyote, mkwe akiwa amesimama pembeni na taulo, amejaa furaha, akimwonyesha sahani aliyoiruka.

Lakini lile la kukumbukwa lilitokea siku iliyofuata, mchana, nyumba ikiwa tupu. Bibi alikuwa kwenye cherehani, anashona sketi ya bluu kwa uzi wa bluu, na alikuwa ameutunga kwa jaribio la kwanza. Ng'ambo ya barabara, mlango wa duka la vifaa vya ujenzi ukafunguliwa. Mwanamke wa shati jeupe akatoka, akakinga jua kwa kiganja. Bibi aliona vishikizo vya shati. Aliona kwamba mkwewe alikuwa amekonda kweli. Aliona pia kwamba mkono ulikuwa umeinuka nusu, kisha ukasita, kwa mazoea ya mwaka mzima ya kutojibiwa.

Bibi hakungoja. Alisimama, akaangusha mkasi, akalisukuma dirisha mpaka ukingoni, akapunga mkono wote, na sketi ya mtu ikipepea kwenye vidole vyake.

Mkwe alipunga kwa mikono yote miwili, kama anayeelekeza lori la saruji kurudi nyuma, na wateja waliokuwa mlangoni wakageuka kutafuta lori. Kisha akarudi ndani kazini. Bibi akakaa, akaokota mkasi wake. Baada ya kidogo mlango ukafunguka tena, kichwa cha mkwe kikachungulia, naye akapunga tena.